Ahadi ya Tajiri Bado Si Sadaka

Wiki hii nilihudhuria harambee ya kumalizia zahanati katika kijiji alichozaliwa mama yangu. Kuta zimesimama muda mrefu, lakini paa hakuna, na wajawazito bado wanapakiwa kwenye bodaboda usiku kupelekwa hospitali ya wilaya. Kwaya iliimba, mgeni rasmi akakaribishwa, kisha mshereheshaji akaanza kuita watu mmoja mmoja. Kila aliyesimama aliulizwa swali ambalo kila aliyewahi kuchangishwa nchi hii analijua: "Taslimu au ahadi?"

Bwana mmoja mwenye malori alisimama, akataja mamilioni. Ahadi. Watu walipiga vigelegele, akaitwa mbele, akapigwa picha na mgeni rasmi, mkewe akavishwa kitenge. Vijana wa kijiwe cha bodaboda, haohao wanaobeba wajawazito usiku, walileta fedha taslimu kwenye bahasha. Walitajwa kwa mkupuo kama kikundi, bila jina la hata mmoja wao, na mshereheshaji akaendelea na ratiba.

Jioni nilikaa na mweka hazina, mwalimu mstaafu, nikimsaidia kujumlisha. Daftari lake lina safu mbili. Alipofunua kurasa za harambee iliyopita, ile iliyojenga kuta, niliona jina la mwenye malori lipo kule pia, katika safu ya ahadi, na hapakuwa na alama ya kuonyesha kwamba alilipa. Nikamuuliza kama aliwahi kumkumbusha. Alifunga daftari, akanitazama. "Mwanangu, tajiri hakumbushwi. Ukimkumbusha, mwakani haji."

Kauli hiyo haijanitoka mpaka leo. Nilirudi nayo mjini, na kwenye simu nikakuta marafiki wanasambaziana tena ile video ya Bill Gates akizungumza makao makuu ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa, tarehe 2 Juni 2025. Alisema pale kwamba sehemu kubwa ya mali yake itatumika Afrika katika miaka 20 ijayo. Mwezi mmoja kabla alikuwa ametangaza kwamba atatoa karibu utajiri wake wote, kwamba taasisi yake itatumia zaidi ya dola bilioni 200, na kwamba milango yake itafungwa tarehe 31 Desemba 2045. Chini ya video kulikuwa na dua na pongezi tele. Nami nikajiuliza: hizi pongezi tunazitoa kwa kilichokwisha kutolewa, au kwa kilichosemwa?

Mwaka 2010, Gates, Melinda French Gates na Warren Buffett walianzisha mpango unaoitwa Giving Pledge. Bilionea anayejiunga huandika barua ya wazi akiahidi kutoa angalau nusu ya mali yake, akiwa hai au kwa wosia. Leo waliotia saini wamepita 240, kutoka nchi zipatazo 30. Afrika imo: Patrice Motsepe wa Afrika Kusini, Strive Masiyiwa wa Zimbabwe, na hapa kwetu Tanzania Mohammed Dewji, aliyetia saini mwaka 2016. Waanzilishi wenyewe wanasema wazi kwamba hii ni ahadi ya dhamira, haina nguvu ya kisheria. Haina mkaguzi, na aliyejiunga akiamua kusubiri mpaka kaburini, hajavunja kanuni yoyote. Kwa maneno ya mweka hazina wetu, ni safu ya ahadi peke yake, na hakuna wa kukumbusha.

Najua yupo msomaji ambaye tayari amekunja uso. Ataniambia: huo ni wivu wa maskini. Hakuna anayewalazimisha hawa watu kutoa hata senti, na watoto wetu wamepona kwa fedha zao. La pili nakubali bila ubishi. Shirika la chanjo la Gavi lilipoanza mwaka 2000, dola milioni 750 za mwanzo zilitoka kwa taasisi ya Gates, na tangu hapo chanjo zimewafikia watoto wengi ambao zamani wangezikwa kabla ya kufikisha miaka mitano. Utafiti wa malaria unaofanyika Ifakara nao umefaidika na fedha hizo. Anayedharau jambo hilo hajawahi kukesha na mtoto mwenye degedege. Lakini hebu tuangalie vizuri tunachokisifu hapo. Chanjo zile zilinunuliwa kwa fedha zilizokwisha kutoka mkononi. Hakuna mtoto aliyewahi kuchanjwa kwa barua.

Msomaji wangu hatanyamaza. Ataniambia sielewi utajiri wa watu hawa ulivyo: si noti zilizolala kabatini, ni hisa za kampuni, na mtu hawezi kuziuza zote kwa siku moja bila kuangusha bei. Ni hoja yenye uzito, ila kuna mtu aliyekwisha kuijibu kwa vitendo. Chuck Feeney, Mmarekani aliyetajirika kwa maduka ya bidhaa zisizotozwa ushuru kwenye viwanja vya ndege, mwaka 1984 alihamisha hisa zake katika kampuni hiyo, akaziweka mikononi mwa taasisi ya hisani. Hakusubiri kuziuza. Alifanya hivyo kimya kimya, na dunia haikujua mpaka mwaka 1997. Taasisi yake, Atlantic Philanthropies, ilitoa takriban dola bilioni 8, fedha zikaisha, ikafungwa mwaka 2020 naye akiwa hai. Miaka yake ya mwisho aliishi nyumba ya kupanga huko San Francisco, na alifariki mwaka 2023. MacKenzie Scott, bilionea wa Marekani aliyetia saini Giving Pledge mwaka 2019, naye amekwisha kutoa zaidi ya dola bilioni 19, na wanaopewa huachiwa waamue wenyewe watazitumiaje. Buffett mwenyewe hutoa mafungu ya hisa kila mwaka tangu 2006. Kwa hiyo inawezekana. Hisa zinatoka, mtu akitaka zitoke.

Pamoja na hayo, utajiri wa wengi waliotia saini umekua kwa kasi kuliko wanavyoutoa. Mwaka ule wa 2010 jarida la Forbes lilimkadiria Gates kuwa na dola bilioni 53. Alipotangaza mwaka 2025 kwamba atatoa karibu vyote, alikuwa na zaidi ya bilioni 100, baada ya miaka yote ile ya kutoa. Simlaumu kwa faida aliyopata. Namsifu kwa jambo ambalo wenzake wengi hawajalifanya: ametaja tarehe. Ahadi yenye tarehe angalau inaweza kudaiwa. Ahadi ya "siku moja" inamwachia kila kitu mwenye mali, na mauti hayapigi hodi.

Zanzibar tunalo somo hilo limejengwa kwa mawe. Barabara ya Mizingani, ukielekea Malindi, lipo jengo zuri lenye roshani za mbao zilizonakshiwa, linalojulikana kama Zahanati ya Zamani. Tharia Topan, tajiri mkubwa wa Unguja wakati wake, msimamizi wa forodha za Sultani na mkopeshaji wa misafara ya bara, alikusudia pale pawe hospitali. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887. Mwaka 1891 akafariki, jengo halijaisha. Hospitali aliyoikusudia haikupatikana. Mfanyabiashara mwingine ndiye aliyekuja kulinunua, na sehemu ya chini ikawa zahanati ya hisani. Topan alikuwa ameanza kweli, alikuwa ametoa fedha kweli, na bado siku zake hazikutosha. Itakuwaje kwa yule ambaye hata jiwe la msingi hajaliweka?

Ndiyo maana wazee wetu wa pwani walipenda wakfu. Mtu akishatamka kwamba shamba lake la minazi ni wakfu wa msikiti au wa mayatima, basi, kwa mujibu wa wanazuoni wengi, haliuziki tena, halipewi mtu, wala warithi hawaligawani. Huwekwa msimamizi, na msimamizi huulizwa. Hapa neno na tendo hutokea kwa wakati mmoja, na anayesifiwa ni mtu ambaye tayari mali imemtoka.

Jambo lililonigusa zaidi ni hili: ahadi ya kutoa haimzuii mtu kunyang'anya kwa mkono mwingine. Bilionea Elon Musk alitia saini Giving Pledge mwaka 2012. Mwaka 2025, akiwa ndani ya serikali ya Donald Trump, alikuwa mstari wa mbele kulivunja shirika la misaada la Marekani, USAID, na akajisifu hadharani kwa kazi hiyo. Kliniki za VVU katika Tanzania, Kenya na Uganda zilipoteza wahudumu ghafla, na wagonjwa wakabaki wakiulizana dawa zitapatikana wapi. Gates mwenyewe alimshutumu kwa maneno makali. Wote wawili ni wana wa ahadi ileile. Sasa niambie, msomaji mwenye kunibishia, saini ile ina uzito gani ikiwa mmoja anachanja watoto na mwingine anafunga kliniki, na wote ni waahidi?

Tena lipo deni linalotangulia sadaka. Andrew Carnegie, mfalme wa chuma wa Marekani, aliandika mwaka 1889 akiwataka matajiri wagawe mali zao kabla ya kufa, naye akajenga maktaba zaidi ya 2,500. Lakini mwaka 1892, kwenye kiwanda chake cha Homestead, wafanyakazi waliokataa kupunguziwa ujira walikabiliwa na walinzi wenye silaha na watu wakauawa. Wale hawakuhitaji maktaba kabla ya mshahara. Na kodi nayo ni hivyo hivyo: Buffett alikiri mwaka 2011 kwamba kiwango cha kodi anacholipa ni kidogo kuliko cha watu wa ofisini kwake. Mshahara na kodi ni haki ya mtu mwingine. Mtu alipe haki kwanza, halafu tuzungumze ukarimu. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na moyo haupimwi kwa ukubwa wa kilichotajwa mbele ya kamera.

Basi kwa nini tunapiga makofi mapema hivi? Nadhani ni kwa sababu tumechoka kungoja kwingine. Ukumbi ule wa Addis Ababa ni wa viongozi wetu, na viongozi wetu nao wana barua yao. Aprili 2001, huko Abuja, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti zao kwa ajili ya afya. Zaidi ya miaka 20 imepita na nchi nyingi, zetu zikiwemo, hazijafikisha kiwango hicho kwa uthabiti. Kama ahadi ile ingetimizwa, dola bilioni 200 za mtu mmoja zingekuwa nyongeza njema. Leo tunazipokea kama uhai wenyewe, na hiyo ni aibu yetu, si yake.

Msimamo wangu ni huu. Tuwashukuru matajiri kwa kile kilichokwisha kufika, tuwaombee heri kwa kile walichoahidi, na sifa ya ukarimu tuiweke akiba mpaka mali itoke. Wadai wa bilionea si sisi. Lakini serikali zetu tunazidai, kwa sababu zilituahidi na kwa sababu fedha ni zetu.

Bajeti za Tanzania, Kenya na Uganda husomwa kila Juni. Kabla ya siku hiyo, mpigie mbunge wako au mfuate ofisini kwake. Muulize afya imetengewa asilimia ngapi mwaka huu, na ile ya Abuja itafikiwa lini. Akikujibu "karibuni", mwambie akupe tarehe.