Msalaba na Mti



Kwaresima hii kuna swali haliniachi: inawezekanaje mtu aubusu Msalaba Ijumaa Kuu, halafu asimwone anayesulubiwa jirani yake?

Swali hili nimelipata kwa James Cone, mwanateolojia mweusi wa Marekani, aliyezaliwa Arkansas mwaka 1938. Hakuwa Mkatoliki, lakini anatufaa. Baada ya utumwa kukomeshwa kwao, maelfu ya weusi waliuawa na makundi ya raia bila kesi wala hakimu, wengi wakitundikwa mitini. Kati ya waliokwenda kutazama walikuwemo watu wa kwenda kanisani kila Jumapili. Katika kitabu chake cha mwaka 2011, Cone anauweka mti ule kando ya Msalaba. Kumbe hata Petro, katika Matendo 10:39, anasema Yesu alitundikwa mtini! Lakini wasomi wakubwa wa kizungu, akiwemo Reinhold Niebuhr aliyeandika sana juu ya Msalaba, hawakuona uhusiano huo.

Na sisi Wakatoliki tusinyooshe kidole. Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland waliuza watumwa wao 272, wengi wao wakiwa wamebatizwa. Mwaka 2017 shirika hilo liliomba msamaha hadharani.

Najua wapo watakaosema, "Hizo ni siasa bwana, dini ibaki dini." Hofu hiyo naielewa. Altare ikigeuzwa jukwaa la chama, Injili inamezwa. Lakini hivi, kumuuza mtu uliyembatiza si siasa? Na kukaa kimya wakati jirani ananyongwa, hapo umesimama katikati kweli? Mimi naona ukimya nao una upande wake, na mara nyingi ni upande wa mwenye kamba.

Sisemi Msalaba ni wa rangi moja. Yesu alikufa kwa ajili ya wote, hata kwa wenye kamba. Ndiyo maana Msalaba unatuuliza wote, kila mmoja kwa jina lake.

Basi, kwenye Njia ya Msalaba Ijumaa hii, ukifika kituo cha kumi na mbili usiharakishe. Jiulize: hapa kwetu ni nani anayedharauliwa kwa kabila lake, kwa rangi yake, kwa umaskini wake? Na mimi nimesimama wapi?

Ee Yesu uliyetundikwa mtini, utufumbue macho. Amina.