Hofu Haimo Kwenye Orodha

Somo: Marko 7:14–23

Sijawahi kumsikia mhubiri akitua kwenye mstari wa 19 wa sura hii. Tunausoma upesi, macho chini, kisha tunakimbilia mstari wa 20. Maana hapo Bwana Yesu anataja tumbo, na baada ya tumbo anataja choo. Anasema chakula hakimwingii mtu moyoni, kinaingia tumboni, halafu kinatoka kwenda zake. Makutano huko nje alikuwa amewaambia kwa fumbo. Wanafunzi hawakuelewa, na walipoingia nyumbani, mbali na watu, wakamuuliza. Ndipo akawafafanulia waziwazi, kwa maneno ambayo wengi wetu tungeona haya kuyatamka mimbarani.

Naandika kwa ajili yako uliyepewa tarehe ya kwenda kupimwa njia ya haja kubwa, na tangu siku hiyo usingizi umekupaa.

Kwetu Idodi kipimo cha namna hiyo ni safari. Unaandikiwa rufaa, unaacha majaruba ya mpunga na mtu wa kuyaangalia, unapanda gari kwenda Tosamaganga au hospitali ya rufaa mjini Iringa. Wengine wanaelekezwa mbele zaidi, Dodoma au Mbeya. Kabla ya hapo kuna masharti: siku moja au zaidi ya vyakula laini, baadaye chai ya rangi, maji na supu iliyochujwa tu, kisha dawa ya kusafisha tumbo, ya kunywa au ya kuingizwa kwa nyuma. Dawa hiyo haijui ratiba ya basi. Ukiinywa Idodi na kupanda gari alfajiri, utajuta kabla hujafika Kalenga. Mwombe ndugu aliyeko mjini akupokee usiku huo, na umwambie sababu ili akuachie chumba kilicho karibu na choo. Kama una kisukari, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mweleze daktari mapema, siyo asubuhi ya kipimo.

Chumbani kwenyewe mambo ni machache. Unalala kwa ubavu wa kushoto, magoti umeyavuta kuelekea kifuani, shuka juu yako. Daktari anapima kwanza kwa kidole chenye glavu na mafuta. Kinachofuata ni kifaa kifupi cha kuangalia mwishoni mwa njia, au mpira mwembamba wenye kamera. Hewa kidogo inaingizwa ili utumbo ufunguke, nawe unahisi kama umebanwa na haja. Hiyo hewa itatoka, tena kwa sauti, na hakuna atakayegeuka kukutazama. Daktari akikata kipande kidogo cha nyama ya ndani ili kikapimwe, kwa kawaida husikii kitu, kwa sababu ukuta wa utumbo husikia kuvutwa na kujaa kuliko kukatwa. Kipimo kidogo cha sehemu ya chini huchukua dakika chache tu.

Lakini nadhani wewe huogopi dakika hizo. Unaogopa kuonekana. Ukimwambia jirani unakwenda kupigwa picha ya kifua, anakupa pole. Ukimwambia unakwenda kupimwa huko, anatafuta pa kuangalia, au anacheka. Wanaume tumefanya utani mwingi mno juu ya daktari na kidole chake, na utani huo umewafanya baba zetu wakae na damu kwenye choo kwa miezi, wakinywa mizizi na kunyamaza. Mara nyingi damu ile ni bawasiri tu. Wakati mwingine ni kichocho cha tumbo, ambacho watu wanaoshinda kwenye maji ya mashamba wana sababu ya kukifikiria. Wakati mwingine ni uvimbe ambao ungewahiwa, ungeondolewa. Huwezi kujua kwa kukaa kimya.

Mtu aliyeuelewa mstari wa 19 vizuri, kwa maoni yangu, ni daktari. Denis Burkitt alizaliwa Ireland, Mkristo wa kusali na kusoma Biblia kila siku. Alifika Uganda mwaka 1946, akaanzia Lira, baadaye Mulago, Kampala. Anajulikana zaidi kwa saratani ya taya za watoto inayobeba jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu kilomita zipatazo 16,000 hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali ugonjwa ule unaonekana wapi. Baada ya hapo akili yake ikahamia kwenye kinyesi. Yeye na wenzake walilinganisha choo cha wanavijiji wa Uganda na cha Waingereza, wakakuta cha wanavijiji ni kizito zaidi, na chakula chao kinapita tumboni kwa muda mfupi zaidi. Burkitt alilihusisha jambo hilo na nyuzinyuzi za vyakula visivyokobolewa. Akasimama mbele ya wasomi na kuwaonyesha picha za choo alizopiga mwenyewe vichakani. Walicheka, wakamsikiliza, na leo ushauri wa kula nafaka isiyokobolewa ni wa kawaida duniani. Asubuhi anaomba, mchana anapiga picha kinyesi. Sioni mgongano wowote.

Turudi kwenye somo. Yesu anatofautisha mambo mawili, tumbo na moyo. Kinachoingia tumboni hakimtii mtu unajisi. Kinachomtia unajisi kinatoka moyoni, na hapo anataja orodha: uasherati, wizi, uuaji, uzinzi, tamaa, udanganyifu, kijicho, kiburi, upumbavu, na mengineyo. Isome tena polepole, mstari wa 21 na wa 22. Hofu haimo.

Nasema hivi kwa sababu nawajua ndugu watakaokuja kukuombea na kukuacha umeumia zaidi. Watakwambia ungekuwa na imani usingetetemeka. Watakupa Wafilipi 4:6 kana kwamba Paulo, ambaye alikuwa kifungoni alipoandika, alikuwa anakukaripia. Mmoja atakumbuka kuwa Ufunuo 21:8 unawataja waoga pamoja na wauaji. Ni kweli unawataja, lakini barua ile iliandikiwa makanisa yaliyokuwa mtihanini, na waoga wale ni waliomwacha Bwana ili kujiokoa. Mama anayelowa jasho la mikono kwenye benchi la hospitali hajamwacha mtu. Kilichomo kwenye orodha ni kiburi, na hicho, baba zangu, ndicho kinachotuzuia kupanda gari.

Ukitaka ushahidi kwamba hofu si dhambi, usiende mbali. Yeye aliyeitaja orodha ile ndiye tunayemkuta bustanini katika Marko 14:33 akifadhaika na kuhangaika sana, akijua kinachomngoja. Aliomba kikombe kiondolewe, akarudia kuomba. Kwa hiyo waweza kusali usiku ule wa dawa, katikati ya kwenda na kurudi chooni, ukisema wazi kwamba hutaki kwenda, kisha ukaenda. Sala ya namna hiyo ameisali yeye kwanza. Na unapoombea majibu, kitaje unachokiogopa kwa jina lake halisi. Kama unaogopa saratani, itaje saratani, usimwambie Mungu "lile jambo".

Angalia pia kwamba hakwenda bustanini peke yake. Aliwachukua wanafunzi watatu, akawaambia nafsi yake ina huzuni kiasi cha kufa, akawataka wakae karibu wakeshe. Mwana wa Mungu alihitaji msindikizaji. Basi na wewe mchukue mtu: dada, mke, mjomba, jirani wa jumuiya. Akubebee mkoba na vitenge vya akiba, amsikilize daktari wakati wewe kichwa kimejaa, akununulie uji ukitoka. Naye akisinzia pale kwenye benchi la mapokezi, usimlaumu. Hata Petro alisinzia.