Mbwa wa Tobia na Mbwa wa Kwenu



Leo tuongee kuhusu mbwa. Usicheke kwanza. Katika Kitabu cha Tobiti, kijana Tobia anatumwa na baba yake kutoka Ninawi kwenda Media kuchukua fedha za familia. Anasindikizwa na malaika Rafaeli, na mbwa naye yumo safarini. Anatajwa wakiondoka, sura ya 6, na tena wakirudi, sura ya 11. Hana jina, hatendi muujiza wowote. Alikwenda nao, akarudi nao, basi.

Sasa mfikirie mbwa wa kwenu. Mbwa wengi huishi miaka 10 hadi 13 hivi. Yaani yule aliyeletwa akiwa mdogo, wewe uko darasa la kwanza, ukimaliza kidato cha nne ni mzee. Wewe ndo kwanza unaanza maisha, yeye anayamaliza. Macho yana ukungu, miguu inatetemeka, mgeni akiingia hasikii. Hapo utasikia nyumbani: "Huyu hana kazi tena, katupeni huko."

Jamani, hapo ndipo tunapopimwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2416 hadi 2418, inafundisha kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu na tunapaswa kuwatendea wema. Kuwatesa au kuwaua bila sababu ni kinyume cha heshima ya binadamu. Umeona? Anayeumia ni mbwa, lakini anayejishusha ni wewe. Ukizoea kumtupa aliyekulinda usiku kwa kuwa nguvu zimemwisha, utafanyaje bibi yako akianza kusahau jina lako?

Ila Katekisimu haiishii hapo. Inasema pia si haki kutumia kwa mnyama fedha ambazo zingepaswa kwanza kuondoa taabu ya watu, wala kumpa mapendo yanayowastahili watu tu. Wapo wanaosema, "Mimi namwamini mbwa wangu kuliko watu." Naelewa, mbwa hasengenyi. Lakini pia hawezi kukuonya unapopotea. Tobia alikuwa na mbwa mwema, na bado alirudi kwa baba yake kipofu, akampaka nyongo ya samaki machoni mpaka akaona.

Na aliyefiwa na mbwa wake? Kulia si dhambi. Mt. Thoma wa Akwino alifundisha kwamba nafsi ya mnyama haidumu mwili ukifa. Mt. Paulo, katika Warumi 8, anasema viumbe vyote vinangojea kukombolewa. Tumwachie Mungu aliyemwumba.

Azimio la wiki hii: kama mbwa wenu bado yupo, mwekee maji safi na kivuli, ulizia chanjo yake ya kichaa cha mbwa. Kisha mpigie simu mzee mmoja wa ukoo ambaye hujaongea naye siku nyingi.

Mungu awabariki.