Nilimpigia Honi Nikapita



Mimi ni mtu wa nduthi. Steji yetu iko Ruiru, na kwa miaka 7 nimebeba watu kutoka hapo hadi Kimbo, Juja, Witeithie, na mara nyingine mpaka Makongeni kule Thika. Pasta aliponiomba niandike ukurasa huu, alisema niandike juu ya kitu ninachokijua. Ninachokijua ni barabara. Kwa hivyo nitaandika juu ya salamu za barabarani, na swali moja ambalo limenikosesha usingizi: ukimsalimia mtu, umemaliza deni lako kwake, ama ndio umelianzisha?

Pengine umebebwa na bodaboda mara nyingi na hujaona jambo hili. Watu wa nduthi tukipishana husalimiana. Mkono wa kulia ndio unaotia mafuta, huwezi kuuachilia, kwa hivyo tunainua wa kushoto. Nyumbani ukimpa mzee mkono wa kushoto utaulizwa kama ulifunzwa adabu, lakini barabarani hakuna anayekasirika. Wengine huinua vidole viwili tu, wengine hutikisa kichwa. Mchana kuna honi fupi, usiku kuna taa. (Kuna pia taa ya kuambiana polisi wako mbele. Hiyo ina kesi yake mbele za Mungu, tuiache siku nyingine.) Kijana mgeni hafundishwi mambo haya. Siku ya kwanza akiinuliwa mkono na mtu asiyemjua, anajua ameshakuwa mmoja wetu.

Nimeipenda sana salamu hii. Katika kazi yetu, mwenye lori hakuoni, na abiria anakugombeza kwa sababu ya shilingi 20. Halafu mtu usiyemjua hata jina anakuinulia vidole viwili. Anakuambia, nimekuona.

Sasa niseme yaliyonipata.

Usiku mmoja wa mvua nilikuwa nimeshusha abiria Juja, narudi Ruiru kwa ile barabara ya pembeni ya Thika Superhighway. Ilikuwa karibu saa tano. Kabla sijafika Kimbo nikaona nduthi imelala kando, na mtu ameketi chini karibu nayo, helmeti bado kichwani. Akainua mkono. Mimi nikapiga honi mara mbili, nikainua mkono wangu, nikapita.

Nilijiambia nini? Nilijiambia huyo jamaa ameharibikiwa tu, anangoja mvua ipungue. Nilijiambia kuna watu wanaojifanya wameanguka ili wakunyang'anye pikipiki, na hilo ni kweli, tumezika watu kwa sababu hiyo. Lakini nikiwa mkweli mbele za Mungu, kilichonipitisha ni kitu kidogo zaidi. Nilikuwa nimelowa, nilitaka kulala, na ile honi ilinifanya nihisi nimeshafanya jambo.

Asubuhi nikafika steji nikaambiwa ni ndugu yetu, mtu tuliyekuwa tukisalimiana kila siku. Lori lilimgusa likaenda. Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili. Nilipomtembelea hospitalini sikujua nitaanzaje. Yeye ndiye aliyeanza. Akasema, "Nilikuona. Nilijua ni wewe kwa hiyo honi yako."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Nikamuuliza ni nani aliyemsaidia. Akaniambia ni mama mmoja aliyekuwa peke yake kwa gari ndogo. Alisimama mbele kidogo, akateremsha kioo kidogo tu, akamuuliza jina lake na steji yake. Hakushuka. Alimpigia simu mwenyekiti wa steji, akawasha taa zote za gari, akakaa hapo milango ikiwa imefungwa mpaka vijana wetu wakafika. Kisha akakubali alazwe kwa kiti chake cha nyuma, na damu yote.

Wapendwa, nyinyi mnajua jinsi sisi watu wa nduthi tunavyoongea na akina mama wanaoendesha magari. Na mnakumbuka Machi 2022, kule Nairobi kwa Barabara ya Profesa Wangari Maathai, jinsi wenzetu walivyomzingira mwanamke dereva na kumdhulumu, video ikaenea nchi nzima, mpaka Rais Uhuru Kenyatta akaamuru msako wa bodaboda. Wale waliomzingira hawakukosa umoja. Nina hakika walikuwa wanasalimiana vizuri sana wakipishana. Undugu wao uliishia kwa mwenye reflekta. Yule mama wa Kimbo bila shaka aliiona ile video kama sisi sote. Akasimama hata hivyo.

Hapo ndipo Mathayo 5:47 iliponikuta. Bwana Yesu anauliza, mkiwasalimu ndugu zenu peke yao, mmefanya nini cha zaidi? Hata wasiomjua Mungu wanafanya hivyo. Nilikuwa nikidhani kosa langu ni kumpita mgeni. Kumbe hata ndugu nilimpita! Jina bodaboda lenyewe lilitoka mpakani, kule Busia, kwa watu wa baiskeli waliokuwa wakivusha abiria kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kazi yetu ilizaliwa kwa kuvuka mpaka, na mimi nilishindwa kuvuka hatua tano za matope.

Kisha nikasoma Luka 10. Mstari wa 4, Bwana anawatuma wale sabini na kuwaambia wasimsalimu mtu njiani. Nilishangaa. Lakini endelea na sura hiyo hiyo, utafika kwa Msamaria. Chunguza vizuri: hatuambiwi kwamba alimsalimu yule majeruhi. Tunaambiwa alimwona, akamhurumia, akamkaribia. Kuhani na Mlawi pia walimwona. Huenda hata walimpungia mkono, Biblia haisemi. Walipita upande wa pili.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inamtaka dereva aliyehusika na ajali asimame. Mwenye lori ana kesi ya kujibu. Mimi polisi hawana shida na mimi. Lakini nilikuwa nimemwambia yule ndugu kila siku kwa mkono, nimekuona. Siku aliyohitaji kuonwa, nikamlipa kwa ile ile honi. Yakobo 2:16 inamzungumzia mtu anayemwambia aliye uchi na njaa aende kwa amani akaote moto, bila kumpa kitu. Hiyo ni honi.

Sisemi kila mtu asimame gizani ovyo ovyo. Hofu si dhambi, na Mungu hakutuita tuwe wajinga. Yule mama naye aliogopa, ndiyo sababu hakufungua mlango haraka. Lakini aliitumia hofu yake kutafuta njia ya kusaidia. Mimi niliitumia kutafuta njia ya kupita. Ningeweza kwenda hadi mahali penye taa nikapiga simu moja. Sikupiga.

Sasa pale steji tumekubaliana: ukimwona mwenzako au mtu yeyote amelala kando ya barabara, na unaogopa kusimama, usifike nyumbani kabla hujampigia mwenyekiti. Ni jambo dogo, lakini limeanza.

Na sisi hapa kanisani? Jumapili tunaambiwa tugeukie jirani tumwambie "nakupenda." Tunasema, tunacheka, tunaketi. Jumatano jirani huyo amefungiwa nyumba na landilodi kule Kihunguro, na sisi tunampita getini tukisema "Bwana asifiwe." Yeye anajibu "Amina." Anatujua kwa sauti.

Ndugu yangu anatembea kwa mkongojo sasa. Nilimwomba msamaha, akanisamehe. Jioni nikimaliza kazi ninampeleka kliniki au dukani, bila malipo. Hataki niite hilo deni. Mimi ninaliita hivyo.

Bwana, utusamehe salamu tulizotoa ili tupite. Utupe macho ya kuona na miguu ya kusimama. Katika jina la Yesu, amina.