Kupiga Hodi kwa Ajili ya Nchi

Mwezi huu twataka kufikiri pamoja nanyi neno moja lililo gumu kidogo. Je, watu wanaojua ya kuwa wao ni taifa, wana haja gani ya kwenda kuwaomba wengine wakiri jambo hilo? Naye aombwaye, ana deni lo lote, au aweza kunyamaza apendavyo? Neno hili lilitujia kwa habari za mtu mmoja aliyesafiri peke yake katika eropleni ndogo, akienda nchi kwa nchi kuiombea nchi yake itambuliwe.

Mtu huyo ni James Berisha, rubani wa Kosovo, katika Waalbania wa huko, aliyekuwa akikaa Marekani. Kosovo ni nchi ya Ulaya ya kusini-mashariki. Ukubwa wake ni kama kilometa za mraba 10,900, maana yake ni ndogo kuliko mkoa wetu wa Kilimanjaro. Tarehe 17 Februari 2008 wakuu wake walitangaza ya kuwa imejitenga na Serbia na kuwa dola huru. Siku ya pili yake Marekani, Uingereza na Ufaransa zikaitambua. Lakini nchi nyingi zilinyamaza, na nyingine zilikataa kabisa. Basi tangu mwaka 2009 Berisha akaanza kuruka katika Cessna 172, chombo chenye injini moja na viti vinne tu, ambacho mwendo wake wa kawaida hupita kidogo kilometa 200 kwa saa. Alizunguka nchi za Amerika ya Kilatini na visiwa vya Karibi, kisha akaja Afrika na pande za Arabuni. Kila alikofika aliwaomba wenye nchi waitambue Kosovo. Mwaka 2010 aliwekwa kizuizini katika Eritrea kwa muda, kisha akaachiliwa.

Tuliposikia habari hizi mara ya kwanza, twakiri, tulitikisa kichwa. Tulikumbuka neno la wazee, Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tukasema mioyoni mwetu, Nchi iliyo nchi kweli, mbona itembezwe mlango kwa mlango kama mikeka ya mchuuzi? Tena tuliona kama mtu huyu anaidhili nchi yake, kwa kuwa aombaye hukiri ya kuwa amepungukiwa. Lakini tulipozidi kufikiri, tuliona ya kuwa tumehukumu upesi.

Hebu na tutazame jambo tulilolizoea. Mtoto amezaliwa, na ukoo wa baba yake wakataa kumkiri. Mtoto huyo anakula, anacheka, anakua, anajifunza kusoma. Hakuna mwenye akili atakayesema ya kuwa hayupo. Lakini siku ya kugawa shamba, watu huulizana, Huyu ni wa nani? Siku ya posa hana wa kumsemea. Kila siku hukumbushwa ya kuwa kuishi kwake hakujawatosha watu. Sasa, mama yake akimchukua mtoto huyo na kwenda naye hata mlangoni pa babu yake, je, tutamwambia, Chema chajiuza? Hasha. Mithali ile yafaa sokoni, mahali mnunuzi aendapo kwa shauku yake. Haifai mahali mwenye mlango anapopata faida kwa kujifanya hakusikia.

Ndivyo ilivyo kwa mataifa pia. Mwaka 1933, huko Montevideo, nchi za Amerika zilipatana juu ya mambo yanayoifanya dola kuwa dola: watu wakaao daima, mipaka ijulikanayo, serikali, na uwezo wa kushirikiana na dola nyingine. Zikasema tena ya kuwa maisha ya dola hayategemei kutambuliwa na wengine. Hilo ni neno jema, na twaliamini. Walakini waulizeni watu wa Kosovo. Katika miaka ya 1990, baada ya Serbia kuwanyang'anya madaraka yao ya kujitawala, Waalbania walifundisha watoto wao katika nyumba za watu, maana shule zilikuwa zimefungwa mbele yao. Mwaka 1991 walitangaza jamhuri, nayo ikatambuliwa na Albania peke yake. Dunia iliwapita. Kisha vikaja vita vya mwaka 1998 na 1999, wakafa watu zaidi ya 10,000, na wengine zaidi ya 800,000 wakafukuzwa kuvuka mipaka. Hatuwezi kusema ya kuwa kutambuliwa kungalizuia hayo. Twasema tu ya kuwa yule ambaye watu hawakuzoea kumwona, hata kilio chake huchelewa kusikika.

Hata baada ya uhuru, dharau ndogo ndogo hazikwisha. Mtu wa Kosovo akitaka kupigiwa simu kutoka nchi za nje, alitumia namba ya Serbia, au ya Monaco, au ya Slovenia. Hata mwisho wa mwaka 2016 ndipo nchi yake ilipopewa namba yake yenyewe, 383. Msichana mmoja, Majlinda Kelmendi, hodari wa mchezo wa judo, alishindana katika Olimpiki ya London mwaka 2012 chini ya bendera ya Albania. Miaka minne baadaye, huko Rio de Janeiro, alishindana chini ya bendera ya Kosovo, akapata dhahabu. Mikono yake ilikuwa ile ile. Lakini nani atamwambia ya kuwa bendera si kitu?

Basi twaweza kusema hivi: kutambuliwa hakumfanyi mtu kuwa mtu, wala taifa kuwa taifa. Kutambua ni kushuhudia. Ni kusimama mbele ya wengine na kusema, Nimeona, nao wapo. Na kama ni ushuhuda, una sheria zake. Shahidi hapaswi kushuhudia kwa sababu amepewa mbuzi, wala hapaswi kunyamaza kwa sababu amemwogopa jirani mwenye nguvu. Aulizwe tu, Ni kweli, au si kweli?

Hapo neno latugusa sisi wenyewe. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, iliyojitenga na Nigeria. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilisema ya kuwa dola ni kwa ajili ya usalama wa watu wake, na ya kuwa Waigbo, baada ya kuuawa wengi, hawakuwa tena na tumaini la usalama katika Nigeria. Baadaye Gabon, Kodivaa na Zambia nazo ziliitambua. Nchi nyingine za Afrika zilichukizwa. Zilikumbusha mapatano ya Kairo ya mwaka 1964, ya kuiheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni, zikaogopa ya kuwa uzi mmoja ukivutwa, nguo nzima itafumuka. Hatuwezi kuidharau hofu hiyo, kwa kuwa kila nchi yetu ina makabila mengi. Mwezi wa Januari 1970 Biafra ilikwisha. Ushuhuda wetu haukuiokoa. Je, ulikuwa wa uongo? Sisi twaona sivyo. Walioteseka walikuwapo kweli. Lakini twajifunza ya kuwa atoaye ushuhuda asidhani amekwisha kumaliza kazi kwa kusema neno moja.

Kuna upande mwingine, wala haitupasi kuuficha. Serbia nayo ina neno. Kosovo ni nchi ya vita vya mwaka 1389, ambavyo Waserbia huvikumbuka hata leo, na huko ziko nyumba zao za watawa za kale, kama Dečani na Gračanica. Baada ya vita vya mwaka 1999 Waserbia na Waroma wengi walikimbia kwa hofu. Tena mwezi wa Machi 2004 watu waliuawa, na nyumba na makanisa ya Waserbia yakachomwa moto. Mwenye kuiona Kosovo kama shamba lenye makaburi ya babu zake hatanyamaza kwa kuambiwa ya kuwa mipaka imekwisha kuchorwa. Tarehe 22 Julai 2010 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema, kwa kura 10 dhidi ya 4, ya kuwa tangazo lile la uhuru halikuvunja sheria ya mataifa. Lakini mahakama haikusema ya kuwa kila nchi lazima iitambue Kosovo. Iliacha mlango mikononi mwa wenye nyumba.

Kwa hiyo aombaye naye ana deni. Hawezi kusema, Nitambueni, na papo hapo akataa kuwatambua wale walio wachache nyumbani mwake. Bendera ya Kosovo ina nyota sita nyeupe, kwa ajili ya jamii zake, Waserbia wakiwa mojawapo. Huo ni ushuhuda walioutoa wao wenyewe, tena wameupandisha juu ya mlingoti watu wote wauone. Kila Mserbia anayelala kwa hofu katika kijiji cha Kosovo aipunguza nguvu hodi yao ugenini. Na kila anayekaa kwa amani huitia nguvu.

Sasa turudi kwa rubani wetu. Jambo lililotugeuza mawazo ni namna yake ya kuomba. Watu wengine wenye hasira juu ya nchi yao huchukua bunduki. Huyu alichukua chombo kidogo, akaenda peke yake juu ya bahari na majangwa. Tena angalieni: tangu mapatano ya Chicago ya mwaka 1944, mataifa yamekubali ya kuwa kila dola ni bwana wa anga iliyo juu ya nchi yake, na nchi nyingi hutaka rubani wa nje aombe ruhusa kabla ya kuingia. Kwa hiyo mtu huyu, aliyekuwa akidai ubwana wa nchi yake, alilazimika kuuheshimu ubwana wa wengine katika kila mpaka. Alipiga hodi ya kwanza kwa wenye mnara, kisha hodi ya pili kwa wenye serikali. Na mpiga hodi, kwa desturi yetu, hukiri ya kuwa nyumba si yake. Husimama nje na kungoja. Aweza kukaribishwa, na aweza kuachwa juani. Mchuuzi hutembeza mali yake, lakini huyu alijiweka yeye mwenyewe katika mikono ya wenyeji. Ndiyo sababu twasema ya kuwa hakuidhili nchi yake.

Habari ya Eritrea hutuhuzunisha hasa. Nchi hiyo ilipigana miaka 30, tangu 1961 hata 1991, na watu wake walipiga kura ya uhuru mwaka 1993. Hatujui yote yaliyokuwa mioyoni mwa walinzi wake, na kila nchi ina haki ya kumwuliza mgeni atokako. Lakini twajiuliza wenyewe: Yule aliyesimama muda mrefu nje ya mlango, akiisha kuingia, mbona husahau upesi jinsi jua la nje lilivyo kali? Wala tusiwanyoshee watu wa Eritrea kidole. Sisi nasi tuliwahi kuwa nje.

Basi aombwaye ana deni gani? Twadhani hana deni la kusema ndiyo. Ana deni la kutazama, na la kujibu. Tanzania ilijibu mwaka 2013, ikaitambua Kosovo. Kenya ilijibu mwezi wa Machi 2025, yaani miaka 17 baada ya tangazo. Hispania na Ugiriki zimekataa, na hilo nalo ni jibu, ijapokuwa ni chungu. Nchi zilizotambua zapata zaidi ya 100, lakini hesabu yabishaniwa, kwa maana Serbia yasema ya kuwa baadhi yao zimerudi nyuma. Na katika Umoja wa Mataifa Kosovo haijaingia, kwa kuwa mlango ule unapita kwenye Baraza la Usalama, na Urusi na China, ambazo haziitambui, zaweza kuufunga kwa kura moja. Baya kuliko yote ni kunyamaza kwa yule aliyeona na kusikia, akangoja kwanza ajue nani atamlipa zaidi.

Ndugu wasomaji, wengi wetu hatutaulizwa kamwe juu ya dola mpya. Lakini katika vijiji vyetu wako watu waliosimama nje: mtoto yule wa ukoo uliokataa, mjane anayeambiwa ya kuwa shamba si lake, mgeni aliyekaa kwetu miaka 20 na bado aitwa wa kuja. Wao hawana eropleni. Huja kwa miguu, jioni, na sauti yao ni ndogo. Tukiisikia, tusijifanye tumelala. Tutoke nje, tumtazame mtu usoni, tumwulize habari yake hata mwisho, kisha tuseme lililo kweli mbele ya jirani zetu.