Sifa Nazo Zina Kipimo

Ndugu msomaji, muuza duka akipunja kibaba cha mchele twamwita mwizi. Je, mtu akizidisha sifa za kitu, na mwenziwe akakichukua kwa kuziamini akapata hasara, huyo tumwite nani?

Swali hili lilinijia Igogwe, huko Rungwe, nilikokwenda kumzuru binti yangu aliyeolewa huko. Ni nchi ya milima, ya chai na migomba, mvua haikatiki, na sisi watu wa pwani hukaa tumejitanda mablanketi mchana kutwa. Waislamu wa huko si wengi, lakini wana chama chao cha kuzikana. Hesabu za michango zilikuwa ndani ya kompyuta moja kuukuu, na mweka hazina ni mama mmoja mjane.

Kompyuta ile ilipokuwa nzito, vijana wawili wakajitolea kuitengeneza. Wakaafikiana kutia Linux, kwa kuwa hailipiwi. Lakini Linux ina matoleo mengi, na hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Mmoja akasema Ubuntu imesifiwa kupita kiasi, ni ya wanagenzi. Mjuzi hutumia Arch. Wa pili akajibu kwamba Arch ndiyo iliyosifiwa bure, ni ya watu wanaopenda kuonekana wajuzi. Nikaulizwa mimi, mgeni na mtu mzima. Kwa kuwa yule wa kwanza alikuwa fasaha wa kusema, nikajibu: "Mwachieni huyu, anajua."

Yule kijana akafuta kila kilichokuwamo, wala hakuweka nakala. Hesabu za miaka mitatu zikapotea. Haukupita muda watu wakaanza kunong'ona kwamba yule mama amekula fedha, na kompyuta imefutwa ili kumsitiri. Heshima ya mjane asiye na kosa ikaingia matopeni. Alhamdulillahi, alikuwa na madaftari yake ya mkono. Tukakaa siku nne tukipita nyumba kwa nyumba na stakabadhi, hata hesabu ikatimia. Nami nikasimama mbele ya watu nikamwomba radhi.

Baadaye nilimwomba mkwe wangu anieleze ugomvi ule ulihusu nini hasa. Nikastaajabu. Kiini cha Linux ni kimoja, kilichoanzwa na kijana wa Finland, Linus Torvalds, mwaka 1991. Matoleo ni kama unga mmoja wa ngano: huyu akaumua mkate, yule akasukuma chapati, yule akakaanga maandazi. Debian ilianza mwaka 1993. Ubuntu ikatoka kwa Debian mwaka 2004, kwa mkono wa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Na jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Linux Mint ikatoka kwa Ubuntu mwaka 2006. Basi wanaozozana juu ya hizi wanagombanisha babu, mwana na mjukuu.

Ni kweli zinatofautiana. Arch humwachia mwenyewe kuijenga kipande kwa kipande, na hutaka kuhuishwa mara kwa mara. Yamfaa mwenye elimu na intaneti ya uhakika. Debian huenda polepole, programu zake si mpya sana, lakini ni imara. Ubuntu ni nyepesi kujifunza, ila kwa mashine kuukuu yenye kumbukumbu ndogo huwa mzigo. Kila moja ina mahali pake. Kosa si la chombo, maana hata Debian ingefuta hesabu zile vilevile. Kosa ni la sifa zilizotupumbaza, hata asiwepo wa kuuliza: "Nakala iko wapi?"

Wala sisi Waislamu tusijione tumeepukana na hayo. Mwaka 2007 lilitolewa toleo la Ubuntu kwa ajili ya Waislamu, baadaye likaitwa Sabily, lenye nyakati za sala na programu ya kusomea Kurani. Ilikuwa kazi njema. Lakini mwaka 2011 ilikoma, na aliyeichukua kwa jina tu akabaki na chombo kisicho na mwangalizi.

Sura ya Al-Mutaffifin inawaonya wale ambao wakijipimia hutimiza, na wakiwapimia wengine hupunguza. Mtu wa taasubi ndivyo afanyavyo: wema wa chake hauhesabu hata punje, na wa mwenziwe huupunja. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Na anayesema "kile kimesifiwa mno" naye ajitazame, huenda anasema kwa husuda.

Basi, ndugu yangu, ukiombwa shauri, iwe ni kompyuta, daktari au mchumba, jiulize matatu kabla hujasifu. Kwanza, chamfaa nani, yule mwenye kuuliza au mimi? Pili, kina kasoro gani, nami nimeitaja? Tatu, kikiharibika, ni nani atakayekuwapo kukitengeneza? Ukishindwa kujibu, sema "sijui". Neno hilo lingalitoka kinywani mwangu siku ile Igogwe, yule mama asingelia.

Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi zenye insafu. Amin.