Ndiyo Yenu Wenyewe: Neno kwa Vijana Wanaothibitisha Imani

Masomo: 2 Wakorintho 1:20-22, Mathayo 7:24-27, 1 Timotheo 4:12

  Kama yuko kijana wetu anayesoma maneno haya akiwa ng'ambo ya ziwa, katika kambi au katika nyumba ya watu, ajue kwamba jina lake hatujalifuta katika daftari la kanisa.

Siku ya kuthibitishwa imekaribia. Mmefundishwa kwa miezi mingi, mmejifunza amri za Mungu na sala, mmekesha na kufunga pamoja nasi. Siku hiyo mzee wa kanisa atawauliza mbele ya watu wote kama mnamwamini Bwana na kama mnataka kumfuata. Nanyi mtajibu kwa neno moja: Ndiyo. Juu ya neno hilo moja ndipo tunataka kuzungumza nanyi.

NDIYO YA WAZAZI NA NDIYO YENU

Mlipokuwa wachanga, mama zenu waliwaleta mbele ya Mungu wakiwa wamewafunga mgongoni. Walisema ndiyo kwa niaba yenu, kwa sababu ninyi hamkuwa na maneno bado. Hilo lilikuwa jambo jema. Mtoto mdogo katika mtumbwi hapigi kafi. Anakaa katikati, ametulia, na baba yake anamvusha. Lakini inafika siku baba anamwambia: Mwanangu, shika kafi. Siku hiyo mtoto anaujua uzito wa maji.

Kuthibitisha imani ni kushika kafi. Tangu siku hiyo huwezi kusema tena, "Naenda kanisani kwa sababu mama anakwenda." Na katika nchi yetu hii, vijana, tunawaambia bila kuficha: tangu vita vya mwaka 1996, wengi walilala na wazazi wao wakaamka bila wao. Imani iliyokaa katika kinywa cha baba peke yake iliondoka pamoja na baba. Ile iliyokuwa imeshuka moyoni mwa mtoto ndiyo iliyobaki naye njiani.

Lakini msiogope, mkidhani kwamba mzigo wote ni wenu. Mtume Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba ahadi zote za Mungu zimepata ndiyo yake katika Kristo, na kwamba Mungu mwenyewe ndiye anayetufanya imara, anatutia muhuri, na kuweka Roho wake mioyoni mwetu. Angalieni vizuri nani anatangulia. Mungu alisema ndiyo kwanza, pale msalabani. Ndiyo yenu ni jibu tu. Na mkono wa mzee utakaowekwa juu ya kichwa chako haumiminii imani kama mtu anavyomimina unga katika gunia. Mkono ule unaomba. Anayethibitisha ni Mungu.

YULE ALIYEJIBU NA ASIRUDI NYUMA

Makanisa yetu yaliyozaliwa mikononi mwa Waafrika wenyewe yana mashahidi wake. Tumkumbuke Simon Kimbangu wa Nkamba, huko Kongo ya Chini. Alibatizwa mwaka 1915 katika misheni ya Wabaptisti. Mwaka 1918 alisikia mwito wa Mungu kwamba achunge watu wake, naye alifanya kama Yona: alikimbia. Alikwenda Kinshasa kutafuta kazi. Ilipita miaka. Kisha alirudi kijijini, na tarehe 6 Aprili 1921 alimwekea mikono mwanamke mgonjwa kwa jina la Yesu, naye akapona. Watu wakaanza kumiminika Nkamba.

Tazameni, vijana: toka ubatizo hadi siku ile ni miaka 6. Alikuwa mkristo tayari, lakini ndiyo yake ilikuwa bado inatafuta miguu ya kusimamia. Kwa hiyo kama mmoja wenu amewahi kukimbia, kama ameacha mafundisho mwaka jana akarudi mwaka huu kwa haya, asijidharau. Mungu aliyemngoja Kimbangu anajua kungoja.

Kazi yake ya wazi ilidumu miezi michache tu. Mwezi wa Septemba 1921 alijitoa mwenyewe mikononi mwa serikali ya Wabelgiji, na tarehe 3 Oktoba mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo. Mfalme Albert wa Kwanza aliibadili hukumu ile kuwa kifungo cha maisha. Wakampeleka mbali na kwao, Elisabethville, ambayo leo tunaiita Lubumbashi, akakaa kifungoni miaka 30 mpaka alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Hakuwa na kundi la kumwimbia, wala bendi. Alikuwa na ndiyo yake tu.

Na huko nyuma alibaki mkewe, mama Marie Muilu, na watoto watatu wa kiume. Mdogo wao, Joseph Diangienda, alizaliwa mwaka 1918. Baba alipokamatwa, yeye alikuwa na miaka 3. Mtoto wa miaka 3 atakumbuka nini juu ya mahubiri ya baba yake? Lakini mama aliitunza imani kwa siri pamoja na waamini, wakati maelfu ya wenzao walikuwa wakihamishwa na kupelekwa mikoa ya mbali. Mtoto yule alikua, akajibu mwenyewe, na tarehe 24 Desemba 1959 serikali ilipolitambua kanisa lile, yeye ndiye aliyekuwa akiliongoza. Hakurithi imani kama mtu anavyorithi shamba. Aliipokea, kisha akasema ndiyo yake.

Mama zetu mnaosoma ukurasa huu, mnaouza ndagala na mawese toka alfajiri, mkirudi na kuomba pamoja na watoto gizani kwa sababu umeme umekatika: msidhani kazi yenu ni ndogo. Ni kazi ile ile ya mama Muilu.

KOSA LETU SISI WAZEE

Sasa tunataka kuungama jambo mbele yenu, maana si haki kuwafundisha vijana kusema kweli huku sisi tunaficha ya kwetu.

Miaka michache iliyopita, katika parokia yetu moja, kulikuwa na binti aliyejua masomo kuliko wenzake wote. Siku ya kuthibitishwa tulisoma jina lake, hakuitika. Tukalisoma mara ya pili, kimya. Tukaendelea na ibada, na wengine kati yetu tukasema moyoni: Ndiyo hivyo, shetani amemteka. Siku ya tatu tulikwenda kwao. Mama yake alikuwa akianika samaki. Binti alitoka, akatusalimu kwa magoti, akasema, "Wazee, mlisema kila mmoja avae nguo nyeupe mpya na viatu vyeupe. Mama hakupata pesa. Niliogopa kuwaaibisha."

Tulikaa pale tukitazama chini. Shetani hakuwa na kazi katika jambo lile. Sheria ya nguo tuliiweka sisi wenyewe. Tulisahau habari ya Yoshua kuhani mkuu katika Zakaria sura ya 3, aliyesimama mbele ya malaika akiwa na nguo chafu. Bwana hakumfukuza akanunue nyingine. Bwana ndiye aliyeamuru avuliwe zile na kuvikwa mavazi safi. Jumapili iliyofuata tulimwekea binti yule mikono akiwa na sare yake ya shule, na baadhi ya wazee walilia.

Kwa hiyo tunatangaza: njooni na nguo mliyo nayo, iliyofuliwa. Mwenye nguo mbili amwazime mwenzake. Wazazi, msiingie deni kwa ajili ya sherehe. Deni la sherehe linakaa nyumbani mwezi mzima likila chakula cha watoto, na ndiyo ya kijana haikuongezeka hata kidogo.

NYUMBA NA MAFURIKO

Bwana Yesu alifundisha juu ya wajenzi wawili, wa mwamba na wa mchanga. Sisi watu wa Uvira hatuhitaji kuelezwa sana. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mvua ilinyesha milimani, mto Mulongwe ukavunja kingo zake, makumi ya watu wakafa na maelfu ya nyumba zikaanguka. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda likaingia katika nyumba za pwani.

Tuseme jambo hili kwa uangalifu. Waliokufa hawakufa kwa sababu imani yao ilikuwa ndogo. Mtu asiwaambie hivyo, hata akisema ameoteshwa. Katika mfano wa Bwana, mvua ilipiga nyumba zote mbili. Kusema ndiyo kwa Yesu si kukata tikiti ya kukosa mvua. Mwezi wa Desemba 2025, vita vilipofika mjini kwetu na maelfu wakavuka kwenda Burundi, wenye kuomba na wasioomba walibeba magodoro yale yale kichwani. Tofauti ya wajenzi wale, Bwana anasema, ni kwamba mmoja alisikia maneno yake akayatenda. Mwamba ni kutenda.

MAMBO MATATU YA KUTENDA

La kwanza, kilindeni kinywa chenu. Kinywa kitakachosema ndiyo mbele ya madhabahu kisitumiwe kumtaja jirani ili auawe. Katika mji huu tuko Wavira, Wafuliiru, Wabembe, Warundi, Wanyamulenge, Washi na wengine. Watakuja watu wakubwa kuliko ninyi, wengine wenye pesa na silaha, watawaambia kwamba kijana mwenye damu moto hukaa na wenzake wa kabila na kuchukia wale wengine. Mjibuni: Nilishajibu swali la Bwana, siwezi kuwa na mabwana wawili. Tunajua neno hilo linaweza kuwagharimu. Ndiyo maana tunalisema mapema, mkiwa bado kati yetu, ili siku hiyo msilitafute.

La pili, jaribuni roho. Kanisa letu ni kanisa la unabii, wala hatuoni haya. Lakini Paulo, aliyewakataza Wathesalonike wasimzimishe Roho, hapo hapo aliwaagiza wajaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Unabii unaokuita utubu, urudishe cha watu, umwombee adui, usikie. Unabii unaokuambia kwamba bibi yako mzee ndiye anayefunga masomo yako, au kwamba mdogo wako ni mchawi na atolewe nyumbani, huo uukatae, hata kama anayeutoa amevaa kanzu na kushika fimbo. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaadhibu kumsingizia mtoto uchawi. Itakuwa aibu kama serikali inawalinda wadogo kuliko kanisa. Na mgonjwa mwombeeni, kisha mpelekeni hospitali. Kipindupindu kinaujua mji huu muda mrefu. Kijana aliyethibitishwa anaomba, na anachemsha maji.

La tatu, shikeni kazi mojamoja katika kanisa na nyumbani. Paulo alimwambia Timotheo asikubali mtu audharau ujana wake, ila awe kielelezo katika usemi, mwenendo, upendo, imani na usafi. Kielelezo hakionekani kwa kukaa. Mwenye sauti aingie kwaya. Mwenye nguvu awachotee maji wajane. Anayejua kusoma amsomee mzee Biblia siku ya Jumamosi. Anayeendesha pikipiki arudishe chenji kamili. Tumeona kila mwaka vijana wengi wakithibitishwa, na baada ya miezi michache viti vyao ni vitupu. Mara nyingi hawakuondoka kwa sababu ya dhambi kubwa. Waliondoka kwa sababu hapakuwa na mtu aliyewapa kazi wala kuwauliza hali. Hapo pia sisi wazee tuna lawama. Mwaka huu kila kijana atapewa baba au mama wa imani, ambaye atamtembelea walau mara moja kwa mwezi. Vijana, wasipokuja, ninyi nendeni kwao mkawadai.

MWISHO

Wavuvi wetu wanatoka jioni na taa zao. Ukisimama Kalundu usiku unaziona taa zile mbali, kila mtumbwi na yake. Taa ya mmoja haiwezi kuwaka katika mtumbwi wa mwingine. Lakini zikiwa nyingi, ziwa lote linaonekana kama mji. Ndivyo tunavyotaka kuwaona ninyi.

Siku ile mzee atakapouliza, msijibu kwa haraka kama mtoto anayejibu darasani. Vuteni pumzi. Kumbukeni mama aliyewabeba. Kumbukeni mfungwa wa Lubumbashi, miaka 30. Kumbukeni yule binti mwenye sare ya shule. Kisha jibuni. Hata sauti ikitetemeka, Bwana ataisikia, nasi tutasema Amina nyuma yenu.

Ee Mungu Baba, wewe uliyesema ndiyo kwetu kabla hatujakujua, wapokee vijana hawa. Uwatie muhuri wa Roho wako. Uwalinde majini na njiani, huku na ng'ambo. Na sisi wazee utupe miguu ya kuwafuata. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.